Usihesabu Siku za Wodini Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mgonjwa aliyefunguliwa kifua ili afanyiwe upasuaji wa moyo kwa kawaida huambiwa kwamba, mambo yakienda vizuri, atakaa siku moja au mbili katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha ahamishiwe wodini na kuruhusiwa baada ya takribani wiki moja. Nilipobadilishiwa vali, yaani mlango wa moyo unaozuia damu kurudi nyuma, familia yangu iliichukua hesabu hiyo kuwa ahadi, na ilipopita walishikwa na hofu iliyozidi hali yangu halisi. Kwa hiyo nawashauri ndugu wa mgonjwa waache kuhesabu siku na badala yake wamuulize daktari ni jambo gani hasa linalosubiriwa.

Mara nyingi linalosubiriwa ni kutulia kwa mapigo ya moyo. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata mapigo yasiyo na mpangilio, hasa kati ya siku ya pili na ya nne, wakati ambapo yeye mwenyewe ameanza kujiona mzima. Nami yalinipata: moyo ulianza kwenda mbio nikiwa nimelala tu, nikapewa dawa kupitia mshipa na damu ikachukuliwa kupimwa kiwango cha potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Hali hiyo hutibika, lakini haipuuzwi, kwa kuwa damu inayotuama ndani ya moyo huweza kuganda na kuleta kiharusi.

Mapafu nayo yanadai kazi ya mgonjwa mwenyewe. Maumivu ya kifua humfanya apumue kijuujuu, makohozi yakabaki ndani na homa ya mapafu ikapata nafasi. Ndiyo maana wauguzi hukuhimiza ukumbatie mto kifuani, uvute pumzi ndefu na ukohoe kwa nguvu. Omba dawa ya maumivu kabla ya zoezi hilo, wala usione haya. Baadhi ya wagonjwa, hasa wazee, huchanganyikiwa usiku na kusema maneno yasiyoeleweka. Inatisha kuona, ila kwa wengi hupita.

Kuruhusiwa si kupona. Mfupa wa kidari huhitaji wiki 6 hadi 12 kuunga, na katika kipindi hicho usinyanyue kitu kizito wala usijivute kwa mikono unapoinuka kitandani. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kikitoa usaha, au ukisikia mfupa ukigonga unapogeuka, rudi hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.