Mama yake Grover Cleveland alikuwa nani? Shangazi anajibu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mke wa mchungaji, kanisa letu ni la Presbiteri hapa Kenya, tumehamishwa parishi mara tatu ndani ya miaka tisa na kila tukifika mahali wamama wanaanza na nguo zangu. Juzi kijana wangu amesoma kwamba Grover Cleveland, yule rais wa Marekani, babake alikuwa mchungaji wa Presbiteri, akaniuliza na mamake je? Nikakosa jibu. Nitafutie huyo mama alikuwa nani na aliishi aje.
Mama Mchungaji, Nyeri

JIBU: Marahaba mama. Swali lako limenigusa manake huyu mama ukisoma habari za mwanawe unampata kwa mstari mmoja tu, wametaja jina basi wanaendelea na siasa zao.

Aliitwa Ann Neal, mzaliwa wa Baltimore mwaka 1806, babake Mwairishi aliyekuwa na biashara ya kuchapisha vitabu vya sheria, kwa hiyo si nyumba ya kulala njaa. Richard Cleveland alimaliza chuo cha Yale 1824 akaja Baltimore kufundisha, kijana msomi ila mfukoni hana kitu, wakapendana, akaenda kusomea uchungaji afu wakaoana 1829.

Sasa sikia hii ya nguo. Kanisa lao la kwanza lilikuwa Windham, jimbo la Connecticut, watu wa kule walikuwa wakali kwa mambo ya kujipamba, na bibi harusi kafika na magauni ya rangi za kuwaka, vito vyake, na mtumishi mweusi aliyetoka naye nyumbani. Washirika wakanung'unika. Ikabidi mtumishi arudishwe Baltimore na vito viwekwe sandukuni. Hilo la mtumishi mimi silisikitikii kabisa, Maryland enzi hizo ilikuwa jimbo la utumwa na ukoo ukizoea kuhudumiwa na watu weusi tunajua ni kwa mfumo gani. Lakini msichana wa miaka 23 kuvuliwa hereni zake na watu aliowakuta wiki ile, hapo mama nimekukumbuka wewe na wamama wa parishi yako.

Na kuhama pia, ni wewe tupu. Kutoka Windham wakaenda Portsmouth huko Virginia, 1834 wakaingia Caldwell, New Jersey, kwa kanisa la Presbiteri, 1841 Fayetteville jimbo la New York, 1850 Clinton, 1853 Holland Patent. Katikati ya kufunga na kufungua mizigo akazaa watoto tisa, Anna wa kwanza 1830 na Rose kitinda mimba 1846, na wote tisa wakakua wakawa watu wazima, karne ile ya kuzika watoto wachanga kila nyumba mimi hiyo naihesabu kazi kubwa kuliko mahubiri yoyote ya mumewe. Huyo Grover ni wa tano, alizaliwa Caldwell tarehe 18 Machi 1837 ndani ya nyumba ya mchungaji, akapewa jina la Stephen Grover, mchungaji aliyemtangulia babake kwa kanisa lile. Nyumba yenyewe ipo hadi leo, ni makumbusho.

Pesa ilikuwa kidogo sana. Grover akiwa bado kijana mdogo alipelekwa kufanya kazi dukani Fayetteville kwa dola 50 mwaka mzima, ili nyumbani wapumue.

Afu ukaja mwaka 1853. Anna alikuwa ameolewa na mmisionari, wakaenda Ceylon ambayo siku hizi ni Sri Lanka, yaani mama anaachana na kifungua mimba wake akijua safari ile ni ya miezi baharini. Wazazi nao wakahamia Holland Patent na Richard tayari ana vidonda vya tumbo, hakuwahi hata kuzoeana na washirika, tarehe 1 Oktoba akafariki. Inasimuliwa kwamba Grover alikuwa mjini Utica kwenye gari la farasi, anamngoja dadake Mary aliyeingia dukani kununua vitu vya harusi yake, akasikia mtoto anayeuza magazeti anatangaza kifo cha mchungaji Cleveland. Alikuwa na miaka 16. Nyumbani kulikuwa na Fred wa miaka 12, Susan 10, Rose 7, na mama wa miaka 47 asiye na mshahara. Chuo kikaishia hapo kwa Grover, akaenda New York kufundisha kwenye shule ya vipofu alikokuwa kakake William, baadaye akaelekea Buffalo kwa mjomba na huko ndiko akawa wakili. Ann akabaki Holland Patent. Hakuolewa tena, amekaa mjane karibu miaka 29.

SWALI: Shangazi, hapo mtaani tunabishana, ni kweli huyo Cleveland alivikimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani?
Msomaji, Moshi

JIBU: Sheria ya 1863 ya kuandikisha watu jeshini iliruhusu mtu kuweka mwingine badala yake, naye alimlipa dola 150 mhamiaji kutoka Poland akaenda, na nashukuru yule bwana alitoka vitani mzima. Wapinzani walimsema miaka mingi. Ila ndugu zake wawili, Cecil na Fred, walikuwa jeshini tayari, William ni mchungaji mwenye familia, aliyekuwa anatuma pesa kwa mama na wadogo zake wa kike ni Grover. Mimi simuiti mwoga. Halafu ona uchungu wa huyu mama, wale wawili walirudi salama kutoka vitani, Oktoba 1872 wakapanda meli ya Missouri kwenda Nassau ambako Fred alikuwa anaendesha hoteli, meli ikashika moto karibu na Bahama, wakafa wote wawili kwa siku moja.

SWALI: Je, mama alimwona mwanawe akiapishwa?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Hapana mwanangu. Alimwona akiwa meya wa Buffalo, halafu tarehe 19 Julai 1882 akafa pale pale Holland Patent, amezikwa karibu na mumewe. Hata miezi minne haijaisha, Grover akachaguliwa gavana wa New York. Siku hiyo ya uchaguzi, 7 Novemba, ameshapiga kura amekaa ofisini peke yake, akamwandikia kakake William kwamba mama angekuwa hai barua hii angekuwa anamwandikia yeye. Machi 1885 alipoapishwa kuwa rais alishika Biblia ile ndogo aliyopewa na mamake alipokuwa kijana, na kwa vile hakuwa na mke bado, aliyekaribisha wageni Ikulu mpaka Juni 1886 alikuwa Rose, yule kitinda mimba aliyebaki na mama Holland Patent akimtunza mpaka mwisho.