Hobi safarini: maswali yenu kuhusu kukutana na wenyeji

Safari hii maswali mengi yanazunguka jambo moja. Mtu ana hobi yake, anasafiri, na angependa kumpata kupitia mtandao mwenyeji anayependa kitu hichohicho. Nayajibu moja baada ya jingine.

Mimi ni mpenzi wa ndege. Niliwaandikia wenyeji kadhaa kwenye jumuiya ya mtandaoni: "Habari, nitakuwa kwenu mwezi ujao, naomba mtu wa kunionyesha ndege." Sikupata jibu la maana. Nakosea wapi?

Usome ujumbe wako kama anayeupokea. Hajui unafika lini, unakaa siku ngapi, umeshaona ndege gani, wala kama unaweza kukanyaga tope kwa saa tatu. Ili akusaidie inabidi akuhoji kwanza. Mtu mwenye kazi na familia atasema "nitamjibu kesho", na ndiyo imetoka hiyo.

Jaribu hivi: "Nafika Alhamisi tarehe 12, naondoka Jumapili. Ijumaa na Jumamosi nina nafasi kuanzia alfajiri mpaka saa nne. Natazama ndege kwa mwaka wa tatu sasa, na ndege wa pwani ndio wananishinda: vitwitwi wadogo siwatofautishi hata kidogo. Kwenye ramani nimeona tope kubwa karibu na daraja. Huwa unakwenda pale? Kama huna nafasi, hata kuniambia nifike saa ngapi kutanisaidia sana."

Hapo umempa tarehe, saa na kiwango chako. Zaidi ya yote umemuuliza jambo ambalo yeye ndiye mwenye jibu lake. Maji yakipwa, ndege wa tope hutawanyika mbali. Yakianza kujaa husogea kidogokidogo kuelekea nchi kavu. Mahali pa kusimama na saa ya kusimama hapo havimo kwenye kitabu cha ndege, na mwenyeji aliyejifunza hayo kwa miaka hufurahi anapotokea mtu wa kumwuliza. Tena umempa namna ya kukusaidia hata kama hatoki nyumbani.

Halafu angalia wasifu wako. Ukurasa mtupu unamfanya mtu asite. Kwenye eBird, tovuti ya kuandikia ndege uliowaona, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Maabara ya Ornitholojia (elimu ya ndege) ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na Audubon, shirika la uhifadhi wa ndege, orodha zako za ndege zinaweza kuonekana na wengine. Orodha za ndege wa hapo unapoishi, zilizojazwa kwa uangalifu, zinakutambulisha vizuri kuliko aya nzima ya kujisifu. Anza kuzijaza leo, usingoje wiki ya safari.

Mwenyeji akinizungusha kutwa nzima, nimlipe?

Kwanza ujue kama hiyo ni kazi yake. Wako waongoza wageni wanaoishi kwa kazi hiyo. Kumwomba mmoja wao akutembeze "kirafiki" ni kumnyima riziki. Uliza mapema, waziwazi.

Akiwa ni mpenzi wa hobi kama wewe, fedha mkononi mara nyingi huharibu kitu. Mitandao ya zamani ya ukarimu, kama Servas iliyoanza mwaka 1949 au Warmshowers ya waendesha baiskeli wa masafa marefu iliyoanza mwaka 1993, imesimama juu ya msingi kwamba mgeni hatozwi kwa malazi. Lakini gharama ni jambo jingine: mafuta, kiingilio na chakula cha siku hiyo vibebe wewe, na useme hivyo kabla hamjaondoka ili asibaki akikisia. Baadaye mtumie picha ulizoahidi. Wageni wengi huahidi picha, na wengi hawazitumi.

Mimi ni mwanamke, nasafiri peke yangu, na hobi yangu ni nyota. Kila mwaliko ninaopata ni wa usiku, mahali penye giza, nje ya mji. Nifanyeje?

Dada, tahadhari yako ni ya haki, na asikwambie mtu kwamba unazidisha.

Usianze na mwaliko wa mtu mmoja. Klabu nyingi za wapenzi wa nyota huandaa usiku wa wazi ambapo yeyote anakaribishwa, mara nyingi mwezi ukiwa nusu, kwa sababu wakati huo vivuli huyachora vizuri mashimo yaliyo usoni mwake. Mwezi, Mshtarii na pete za Zohali havihitaji giza totoro. Hata katikati ya mji darubini ndogo inavionyesha vikiwa juu angani. Nenda huko kwanza. Utawaona watu kwa macho, utajua nani anaheshimiwa na wenzake, na utakutana na wanawake wa klabu hiyo. Usiku wa giza, wa kutafuta galaksi na nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani), huja mwezi ukiwa umeandama au haujaonekana kabisa, na hapo utakwenda na kundi unalolijua.

Ukifika wakati huo, kuwa na usafiri wako au wa mtu unayemwamini. Mwachie ndugu au rafiki jina la mwenyeji, namba yake ya simu, mahali mnapokwenda na saa ya kurudi, na mkubaliane atafanya nini usipompigia.

Maoni ya wageni waliotangulia yasome kwa makini. "Mtu mzuri sana" halikupi kitu. Tafuta yanayosema walikwenda wapi, walikuwa wangapi, na walirudi saa ngapi. Tena tafuta yaliyoandikwa na wanawake. Halafu mwulize mwenyeji moja kwa moja: nani mwingine atakuwepo? Mwenyeji wa kweli atakutajia bila kusita, pengine atakuunganisha nao. Anayenuna kwa swali hilo ameshakuonyesha alivyo, na huna haja ya kumpa sababu ya kutokwenda.

Jambo dogo, ila wenzako watakupenda kwa hilo: beba tochi ya mwanga mwekundu. Macho huchukua kama nusu saa kulizoea giza vizuri, na mwanga mmoja wa simu huwarudisha wote mwanzo.

Nina leseni ya redio ya ridhaa, hobi ya kuwasiliana na wengine kwa mawimbi ya redio. Mwenyeji amenialika kurusha mawimbi nikiwa nchini kwao. Inatosha?

Mwaliko si kibali. Nchi zinazofuata pendekezo la CEPT, umoja wa Ulaya wa mamlaka za posta na mawasiliano, liitwalo T/R 61-01, nyingi zikiwa za Ulaya, humruhusu mgeni mwenye leseni ya daraja linalotambuliwa arushe kwa muda mfupi, hadi miezi mitatu, bila kuomba kibali kingine. Hutanguliza herufi za nchi aliyopo mbele ya alama yake ya mwito, yaani jina lake la redioni. Ufaransa, kwa mfano, ni F, mkwaju, kisha alama yake. Kwingineko huenda ukahitaji kibali cha muda au mkataba kati ya nchi mbili. Waandikie chama cha kitaifa cha huko. Vingi ni wanachama wa IARU, umoja wa kimataifa wa vyama vya redio ya ridhaa ulioundwa Paris mwaka 1925. Waulize pia habari za forodha, maana redio inaweza kuzuiliwa mpakani hata kama leseni yako haina dosari.

Mwenyeji alinipeleka kwenye kiota cha bundi. Picha zimetoka vizuri mno. Naweza kuziweka mtandaoni pamoja na mahali?

Picha, mwombe ruhusa. Mahali, hapana.

Kiota kikijulikana, watu huja. Wa kwanza husimama mbali, wa pili husogea, wa tatu hukata tawi ili apate picha safi. Ndege mzazi huondoka, mayai hupoa, na njia iliyokanyagwa humfikisha mwindaji pale pale. Jumuiya zenyewe zinalijua hilo. Kwenye iNaturalist, tovuti ya kuweka picha na kumbukumbu za viumbe, iliyoanza mwaka 2008, mahali pa viumbe walio hatarini hufichwa: ramani huonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya eneo lenye upande wa nyuzi 0.2, yaani kama kilomita 22 kwenye ikweta. eBird nayo huficha taarifa za aina fulani za ndege walio katika hatari. Lakini ulinzi huo haumfikii kila kiumbe. Bundi wa kawaida asipofichwa na mfumo, mfiche wewe.

Tena angalia faili yenyewe. Simu nyingi huandika latitudo na longitudo ndani ya picha bila wewe kuona chochote, kwa hiyo ondoa taarifa hizo kabla ya kuituma popote. Na mandhari ya nyuma, kama mnara au kilima kinachojulikana, inaweza kusema kila kitu.

Naliwekea mkazo kwa sababu madhara hayaishii kwa bundi. Mwenyeji aliyesalitiwa mara moja hamwonyeshi mgeni mwingine kitu. Wavuvi, waokota uyoga na wapenda mapango wana siri za namna hiyohiyo, na wanazilinda kwa sababu hiyohiyo.

Mimi ndiye mwenyeji. Maombi ya wageni yamenizidi, na naona aibu kukataa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Wewe huponi, unachoka. Kataa mapema na kwa ufupi: "Mwezi huu sina nafasi, safari njema." Anayesubiri jibu wiki mbili huumia kuliko aliyekataliwa siku hiyohiyo.

Kisha badili mpango. Badala ya kumhudumia kila mgeni peke yake, chagua siku moja ya mwezi ambayo ungetoka hata bila mgeni, uitangaze kwenye wasifu wako, na wote waje siku hiyo. Angalia parkrun, mbio za kilomita 5 zilizoanza Bushy Park, London, mwaka 2004. Ni bure, zinaendeshwa na watu wa kujitolea, na mtu akijiandikisha mara moja anaweza kukimbia nazo katika nchi nyingine akiwa na msimbo wake tu. Mgeni anatokea, anakimbia, anazungumza na watu, na hakuna mwenyeji aliyepoteza wiki nzima akimpangia ratiba.

Mwenyeji wangu nami hatuna lugha ya pamoja. Nimwandikie?

Mwandikie, kwa sentensi fupi ambazo programu ya kutafsiri haitazivuruga, na umwambie mapema kwamba unaitumia. Mchezo mmoja wa sataranji unachezeka bila neno hata moja. Mchoro wa kufuma husomeka na mfumaji wa kwingine, na majina ya kisayansi ya ndege ni yaleyale kote.

Ila kwenye hobi za hatari msiondoke kabla ya kukubaliana ishara. Mkizamia, zipitieni moja moja mkiwa bado nchi kavu: mzamiaji akiinua kidole gumba hasemi "mambo safi", anasema "tupande juu".