Shangazi, marafiki zangu wanataka boti yangu kwa mali kauli

"Shangazi, shikamoo. Nina boti ya faiba yenye mashine ya Yamaha ya farasi 15, ipo Bwawa la Mtera. Nimehamia mjini kikazi, siwezi tena kuisimamia. Marafiki zangu wawili wavuvi, tumekua pamoja, wanataka niwauzie kwa milioni 8: watangulize 2, zilizobaki walipe laki tano kila mwezi kwa mwaka mzima. Mke wangu hataki hata kusikia. Na mimi naona kuwaandikisha mkataba ni kuwatukana. Nifanyeje? – Mwenye Boti, Nkuhungu, Dodoma."

Marahaba, mwanangu. Mwezi wa tano wakikwama, utashuka Mtera ukawanyang'anye boti mbele ya watoto wao? Kama moyo unasita, usiwakopeshe. Deni usiloweza kulidai tayari umeshaligawa, na mkeo ana haki ya kuulizwa kabla milioni 6 za nyumba yenu hazijagawiwa.

Simaanishi rafiki zako ni matapeli. Ila wewe una mwisho wa mwezi, mvuvi hana. Kiangazi maji ya bwawa yanashuka, perege wanaadimika, na mafuta ya mashine lazima yanunuliwe. Pesa ikiwa haba, wa kuambiwa "subiri kidogo" ni nani? Si muuza mafuta wala mwenye nyavu. Ni wewe, kwa sababu ni rafiki na utaelewa.

Halafu kuna jina. Chombo cha uvuvi kinasajiliwa na kukatiwa leseni. Ukiwaachia boti ikiwa bado kwa jina lako, siku ikikamatwa imebeba kokoro, ule wavu uliopigwa marufuku, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina kwenye karatasi, naye yuko Nkuhungu anakula chakula cha jioni. Ukiwahamishia jina leo, wanaweza kuiuza kwa mwingine kesho, ubaki na ahadi mkononi. Na ikizama katikati ya mkopo? Watakuambia hawawezi kulipia kitu kilicho chini ya maji, na usishangae wakiamini kweli kwamba wana haki.

Ningekuwa wewe, ningewaambia wakope kwenye SACCOS, waniletee pesa yangu yote. Kudai kuwe kazi ya SACCOS, mimi nibaki rafiki.

Wakishindwa, uza kwa vipande. Zile milioni 2 ziwe bei ya boti tupu, ihamie kwao kabisa, jina lao, leseni yao. Mashine ibaki yako hadi shilingi ya mwisho. Namba yake iandikwe kwenye mkataba na kupigwa picha. Iandikwe pia kwamba ikiibiwa, deni liko palepale, maana mashine watu wawili wanaifungua usiku na kutokomea nayo. Wasipolipa unachukua mashine tu. Watapiga kasia, watakununia, lakini hutakuwa umewaacha nchi kavu.

Kuhusu kuwatukana: ulipooa si ulitia saini? Mkeo alitukanwa? Nenda kwa wakili, mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwani usiolipiwa unaweza kukataliwa mahakamani kama ushahidi. Uandikwe wazi kwamba kila mmoja anadaiwa deni lote, si nusu yake. Vinginevyo mmoja akihamia Iringa, huyu aliyebaki atakuonyesha risiti za nusu yake na kukutakia siku njema. Na malipo yapite kwenye simu. Kupeana noti mnada wa Msalato, nyama ya mbuzi iko mezani, hapana. Nawajua wanaume: laki mbili zilizopokelewa hapo, wiki ijayo kila mtu ana hesabu yake.

Ila kabla ya yote hayo, waulize wana taslimu kiasi gani. Wakifikisha milioni 6 leo, chukua, wape boti na mashine yake, na hizo 2 zilizopungua usizitaje tena hata siku mkigombana.