Anko, nina bima na bado nina deni la hospitali: jibu kutoka unyamwezini, yaani Marekani

Haya jamani, nimeona maswali yenu kwenye grupu la familia, na anko ndo kaniua kabisa: "Nchi imepeleka watu mwezini inashindwaje kutibu raia wake, si waweke bima moja ya serikali kwa wote yaishe?" Nilikuwa shifti ya usiku sikuweza kujibu, leo niko ofu ngoja niseme yote maana nimechoka kuambiwa nabana hela.

Mwezi wa tatu saa nane usiku nilishikwa na maumivu ya mgongo yanashuka mpaka kwenye kinena, natapika hovyo. Jiwe kwenye figo. Mshkaji ninayekaa naye kashika simu aite ambulensi, mimi niko sakafuni nimejikunja kama mtoto namwambia weka simu chini, washa gari. Ambulensi hapa inakuja na bili yake peke yake, na ile sheria ya nchi nzima ya kuzuia bili za kushtukiza iliyoanza 2022 iligusa helikopta za wagonjwa ila ambulensi ya barabarani ikaachwa. Usiniulize kwanini.

Emajensi hawakufukuzi, hilo niwape haki yao, kuna sheria ya 1986 inawabana wakupime na wakutulize hata kama huna senti. Ila kutulizwa siyo bure. Masaa manne, dripu, sindano ya maumivu, picha ya CT, halafu nenda kwako ukalikojoe mwenyewe. Wiki mbili mbele ikaja barua ya kampuni ya bima, juu wameandika kwa herufi kubwa HII SIYO BILI, chini yake dola 7,400. Nikashukuru Mungu siyo bili. Kumbe zenyewe ziko njiani, moja ya hospitali, moja ya dokta maana dokta wa emajensi hakuajiriwa na hospitali, na moja ya mtu aliyesoma picha ambaye sijawahi kumuona hata sura. Bima ikashusha bei mpaka 2,900 halafu ikaniachia zote mimi. Nina didaktibo ya dola 3,000, yaani kila mwaka natoa mfukoni mpaka zifike hapo ndo bima inaamka, na mwezi wa tatu hesabu ndo kwanza imetoka sifuri Januari. Na kila mshahara wananikata mchango wa bima hiyo hiyo.

Sasa swali la anko. Walishajaribu zamani sana, Rais Truman aliliomba bunge bima ya taifa ya afya 1945, chama cha madaktari kikapiga kelele kwamba huo ni ujamaa, ikafa. 1965 Rais Johnson akasaini Medicare ya wazee kuanzia miaka 65 na Medicaid ya maskini, na kadi ya kwanza ya Medicare akapewa Truman mwenyewe. Kwa hiyo serikali tayari ni mlipaji, ni kwamba inabidi uzeeke kwanza. Anachosema seneta Bernie Sanders, na alipeleka muswada wake 2017, ni kwamba hiyo ya wazee iwe ya kila mtu, basi.

Kinachokwamisha ni bima ya kazini. Ilishika kasi wakati wa vita ya pili, 1942 serikali ilizuia kupandisha mishahara, waajiri wakaanza kuvuta watu kwa bima, vita ikaisha yenyewe ikabaki mpaka leo. Ukiachishwa kazi bima nayo inaondoka, au uendelee nayo kwa kulipa sehemu yako na ya bosi. Bima ya familia kazini mwaka 2024 ilikuwa wastani wa zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka, mfanyakazi anakatwa kama 6,300, zinazobaki analipa mwajiri, na hizo ni jasho la mfanyakazi ila hazioni kwa macho. Ukimwambia bima iwe ya serikali na kodi itapanda, hiyo anaiona vizuri sana. Jimbo la Vermont walipitisha sheria ya kuanza bima moja ya wote jimboni kwao 2011, mwisho wa 2014 gavana alipopiga hesabu akakuta waajiri wakatwe asilimia 11.5 ya mishahara na wananchi kodi ya mapato mpaka 9.5, akaacha mwenyewe na ndo alikuwa ameipigania.

Na siyo matajiri peke yao wanaogopa. Las Vegas, jimbo la Nevada, 2020 Sanders akigombea urais, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, wapishi na wasafisha vyumba, kiligawa vipeperushi kuwaambia wanachama kwamba mpango wa Sanders utaua bima yao waliyoipata kwa migomo ya miaka mingi. Halafu Sanders akashinda mchujo wa chama cha Democrat Nevada na wanachama wengi tu wakampa kura. Hapo ndo utajua hata ndani ya nyumba moja watu hawaelewani, mwenye bima nzuri anaogopa kunyang'anywa na mwanae hana kabisa.

Mimi naitaka hiyo bima moja hata kesho, ila kura sina bado. Na msidhani ni pepo, Kanada wanayo na kumuona spesholisti wanasubiri miezi. Kusubiri naweza. Hapa Texas ndo kwenye asilimia kubwa ya wasio na bima kuliko jimbo lolote, na mtu mzima mwenye afya asiye na mtoto hata awe maskini vipi Medicaid hapati, tena mtu mzima mwenye grinkadi, kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, kwa kawaida ndo kwanza asubiri angalau miaka 5.

Deni nililipigia simu. Dada wa bili nilimwomba mchanganuo wa kitu kimoja kimoja, nikakuta sindano mbili na mimi nilichomwa moja, wakaitoa, kwa bei ya bima yangu deni likapungua dola 38. Zilizobaki nalipa miezi 24 bila riba, kama 119 kila mwezi. Kwa hiyo anko hela nitatuma nusu nusu mpaka mwaka kesho kutwa.

Na mama akija Desemba bima ya safari inakatwa kabla ya tiketi, hilo sibishani na mtu.