Kuhusu kuchagua kati ya CG125 ya zamani na Boxer ya juzi

Ndugu, umeuliza kama uchukue pikipiki ya Honda CG125 ya zamani iliyotunzwa na mtu mmoja huko Tabata, au Boxer BM150 ya miaka miwili iliyofanya kazi ya bodaboda Mbagala, ilhali bei zinakaribiana. Mimi ningeanza na ile ya zamani, mradi injini yake haijafunguliwa ovyo, kwa kuwa umri wa pikipiki huhesabiwa kwa kazi iliyofanya zaidi ya mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya usajili, na miaka miwili ya kupakia abiria kutwa kucha si midogo. Injini ya CG125, iliyotoka mwaka 1976, husukuma valvu (vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi) kwa fito, na haina cheni ya taimingi, ile ya kuendesha valvu, ya kulegea. Boxer nayo ina lake: spea zake zimejaa Kariakoo.

Nenda asubuhi, ushike injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, huenda muuzaji ameshaiwasha ili usijue inavyosumbua kuwaka. Ikishawaka, vuta mafuta: moshi wa buluu ukiendelea kutoka, injini inachoma oili, shuku ringi za pistoni au sili za valvu. Mita ya kilomita usiiamini sana. Niliwahi kuonyeshwa moja inayosoma 9,000 huku mpira wa kiki, kile kikanyagio cha kuwashia, umelika hadi chuma kinang'aa. Nikaaga kwa heshima.

Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu ilingane na ya kwenye kadi, na umiliki uhamishwe TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla hujamalizia malipo.