Matone ya mkaratusi kwenye sukari: mfamasia anajibu

SWALI: Shikamoo mfamasia. Naishi Melbourne, nafanya kazi ya kutunza wazee. Kuna bibi mmoja wa miaka tisini na kitu ambaye kila akibanwa na mafua hunisimulia jinsi mama yake na nyanya yake walivyotibu kila kitu kwa mafuta ya mkaratusi. Kikohozi, matone machache juu ya sukari. Kifua, kusuguliwa mafuta. Viroboto, mafuta hayohayo. Nimenunua chupa ya mililita 50, lakini imeandikwa kwamba ni sumu, yasinywewe. Hao watu wa enzi za ukoloni walikunywa mafuta gani, na mbona hawakufa? Tena mwanangu wa miaka miwili na nusu ana mafua. Kwetu Iringa tulizoea nyungu ya majani ya mkaratusi. Naweza kumpa matone au kumfukiza?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na mtoto, mengine yatasubiri. Usimtie mafuta hayo mdomoni hata tone moja, usimpake usoni wala karibu na pua, na usimfunike shuka juu ya sufuria ya maji ya moto. Mafua ya umri huo yanataka matone ya maji ya chumvi puani, vinywaji vya kutosha na mapumziko. Kikohozi kikimsumbua usiku, kijiko cha asali kinaruhusiwa kwa kuwa ameshapita mwaka mmoja. Akihema harakaharaka, mbavu zikivutika ndani au akikataa kunywa, mpeleke kwa daktari bila kungoja.

Sasa tuje kwa bibi. Hakudanganyi.

Walowezi wa kwanza kutoka Uingereza walifika Sydney Januari 1788 baada ya safari ya miezi minane baharini. Dawa zao zilikuwa zile walizobeba, na zikiisha, nyingine ziko upande wa pili wa dunia. Ndiyo maana madaktari wa msafara huo, John White na msaidizi wake Denis Considen, waliipekua misitu mapema kutafuta mbadala. Walikuta mti ambao majani yake yananukia kama minti (mnanaa) ya kwao, wakayachemsha na kukamua mafuta yake, kisha sampuli ikapelekwa Uingereza. White aliandika mwaka 1790 kwamba kwa msokoto wa tumbo mafuta hayo yanashinda minti ya Kiingereza. Wenyeji wa nchi ile walikuwa wakitumia majani na moshi wa miti hiyo tangu zamani za kale. Kilicholetwa na wageni ni mtambo wa kukamulia.

Aliyeyaingiza mafuta haya kabatini mwa kila nyumba ni mwenzetu wa fani, Joseph Bosisto, mfamasia aliyefungua duka Richmond, hapohapo mjini kwenu. Mtaalamu wa mimea wa serikali ya Victoria, koloni uliko mji wenu, Ferdinand von Mueller, alimhimiza ajaribu mikaratusi ya eneo hilo, na katika miaka ya 1850 Bosisto akajenga mtambo wake kwenye kijito cha Dandenong. Kazi yenyewe si ngumu. Majani hujazwa kwenye chombo kikubwa, mvuke ukapitishwa katikati yake, kisha ukapoozwa kwenye bomba. Mafuta huelea juu ya maji, yakatenganishwa. Kilo mia za majani mabichi hutoa kilo moja au mbili za mafuta, ikitegemea aina ya mti.

Wakati nao ulimfaa. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Victoria mwaka 1851, watu kwa maelfu wakilala kwenye mahema, maji machafu, daktari wa kubahatisha. Chupa ya dawa inayotokana na mti ulio nje ya mlango, bei nafuu na isiyooza, nani angeikataa? Ikawa ya kunusa kwenye leso, ya kuchanganya na mafuta ya mgando na kusugua kifua, ya kuosha kidonda, ya kufulia blanketi za sufu. Na ikawa ya kumeza.

Hapo kwenye kumeza ndipo swali lako lilipo, na jibu liko kwenye hesabu. Kiini cha mafuta haya ni sineoli, iliyopewa jina la eukaliptoli na mkemia Mfaransa Cloez mwaka 1870. Mafuta ya daraja la dawa siku hizi hutakiwa kuwa nayo angalau asilimia 70. Tone moja lina kama mililita 0.03 hadi 0.05. Kwa hiyo matone matano juu ya sukari yana sineoli ya miligramu 100 hadi 160 hivi. Ujerumani leo zinauzwa kapsuli za sineoli safi za miligramu 200, mtu mzima mwenye sainasi au mkamba hunywa moja mara tatu kwa siku, na zimefanyiwa majaribio ya kitabibu. Yaani nyanya yake bibi, bila mizani wala maabara, alikuwa akicheza ndani ya dozi ambayo mtu mzima huistahimili. Ndiyo sababu hawakufa.

Lakini chukua kijiko cha chai badala ya matone. Kijiko kina mililita 5, kwa hiyo sineoli imepita gramu 3, zaidi ya mara ishirini ya ile ya kwenye sukari. Kiasi hicho kinaweza kumwangusha mtoto mdogo kwa dakika chache: anatapika, anasinzia, analegea, wengine wanapata degedege au pumzi inapungua. Kati ya dawa na sumu hapa kuna kijiko kimoja tu, na chupa za zamani hazikuwa na kidondoshi mdomoni wala kizibo kinachomshinda mtoto. Pia nguvu ilibadilika chupa hadi chupa: mafuta ya mwanzo ya Bosisto yalitoka kwenye aina ya mkaratusi yenye felandrini (kemikali nyingine ya mafuta hayo) nyingi na sineoli kidogo kuliko ya leo. Kwa hiyo hata ukipata kipimo kilichoandikwa na mama wa mwaka 1880, usikihamishie kwenye chupa uliyonunua juzi. Lebo yako ina haki.

Je, yalitibu? Hisia ya pua kufunguka ni ya kweli kama hisia. Sineoli huamsha vipokezi vya ubaridi puani, ubongo ukaona hewa inapita vizuri, ilhali vipimo vya mtiririko wa hewa kwa mtu mwenye mafua havioni badiliko la maana. Usidharau nafuu hiyo, mtu akilala ameshapata kitu. Ila virusi vya mafua haviuawi kwa kunusa. Na lile la kutibu homa za malaria, lililosambaa Ulaya karne ya 19 hadi watawa wa Tre Fontane karibu na Roma wakapanda mikaratusi kwa wingi, lilijengwa juu ya imani kwamba hewa chafu ndiyo huleta homa. Mti unafyonza maji na kukausha kinamasi, mbu wanakosa pa kuzalia, harufu haihusiki. Hayo yalieleweka vizuri baada ya daktari Mwingereza Ronald Ross kuonyesha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye mbebaji.

Nyungu ya Iringa ni jambo jingine kidogo. Mikaratusi mingi ya nguzo na mbao ya nyanda zetu ni ya aina za grandisi na saligna, ambazo majani yake yana sineoli kidogo, kwa hiyo sufuria ya nyumbani haikaribii ukali wa chupa yako. Hatari kubwa ya nyungu ni maji ya moto kumwagika. Wewe mwenyewe ukitaka kujifukiza, bakuli juu ya meza imara, maji yaliyopoa kidogo, matone mawili matatu, macho yamefungwa. Mwenye pumu aache, maana harufu kali inaweza kumbana zaidi.

Kuhusu vile vifaa vya umeme vya kufukizia chumba: daktari wa hospitali ya watoto ya Melbourne alichapisha mwaka 1995 taarifa ya watoto 109 waliolazwa kati ya 1981 na 1992 kwa kunywa mafuta ya mkaratusi, na wengi waliyapata kwenye vifaa hivyo. Kwa kuwa mwanao bado mdogo, chupa na kifaa vikae juu na kufungiwa. Ikitokea amekunywa, usimtapishe, kwa sababu mafuta yakiingia mapafuni ni balaa jingine. Piga 13 11 26, kituo cha habari za sumu cha Australia, hata kama anaonekana mzima. Akisinzia au akitetemeka piga 000.

Na bibi yako, akikuomba tena sukari yake yenye matone, usimpe kimyakimya kwa mapenzi. Wazee wa umri wake hunywa dawa nyingi, na wewe uko kazini: mwambie muuguzi wa zamu, aandike. Unachoweza kumfanyia leo hii ni kudondosha tone moja kwenye leso na kumwekea karibu na mto, mbali na macho.