Uliza Ujibiwe: Malitimita Iliyotumika, Inunuliwe au Iachwe?

Barua za mwezi huu zinahusu mita za kupimia umeme zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wengine. Tumechagua nne ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa mafundi wengi.

Ninafanya kazi ya kufunga umeme majumbani. Muuzaji wa vifaa vya mtumba ana Fluke 87V iliyotoka Ulaya, na kwa bei anayoitaka ningeweza kununua mita mpya ndogo za njano zaidi ya kumi. Je, mita iliyotumika miaka mingi bado inaaminika? — Fundi umeme, Morogoro

Umri peke yake hauiui mita ya aina hiyo. Toleo la 87V lilianza kuuzwa mwaka 2004, na vijenzi vinavyobeba usahihi wake, yaani rezista za kugawa volteji na saketi inayotoa volteji ya kulinganishia, hubadilika kidogo sana kadiri miaka inavyopita. Kinachoimaliza mita ni betri iliyosahauliwa ndani hadi ikavuja na kula njia za shaba kwenye bodi, maji yaliyoingia, swichi ya kuzungusha iliyochoka na, hasa katika mazingira yetu, fyuzi iliyobadilishwa kienyeji. Anza ukaguzi wako na hiyo ya mwisho.

Mita hiyo ina fyuzi mbili, moja ya miliampea 440 na nyingine ya ampea 11, na zote zimetengenezwa kwa volti 1000. Ni za kauri, na ndani zimejazwa mchanga unaozima cheche pale waya unapokatika. Mmiliki wa kwanza akiziunguza, mara nyingi mmiliki wa pili huweka fyuzi ya kioo ya redio au, vibaya zaidi, kipande cha waya. Mita itaendelea kupima volti kama kawaida, kwa hiyo hakuna atakayegundua lolote mpaka siku mtu atakapoacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea kisha akagusa njia mbili za volti 400. Fyuzi ya kioo ya volti 250 ikikatika hapo, cheche yaweza kuendelea kupitisha mkondo ndani ya mita iliyo mkononi mwako.

Upo ukaguzi usiohitaji bisibisi. Chomeka waya mmoja kwenye tundu la volti na omu, zungusha swichi hadi kwenye omu, kisha ingiza ncha ya waya huohuo katika tundu la ampea: unapaswa kusoma chini ya nusu omu. Ukiihamishia kwenye tundu la miliampea, usome karibu kiloomu 1. Hata hivyo, kipimo hiki kinakuambia tu kwamba kuna kitu kinachopitisha umeme, wala hakikuambii kama ni fyuzi halisi. Mwombe muuzaji afungue mfuniko wa nyuma mbele yako, na akikataa, iache. Ukikuta fyuzi si zenyewe, punguza bei kwa kiasi cha kununua halisi, nawe usishangae ukiambiwa kwamba fyuzi moja ya ampea 11 inauzwa ghali kuliko ile mita ndogo ya njano nzima.

Baada ya fyuzi, gusanisha ncha za nyaya mbili kwenye omu huku ukiisogezasogeza swichi taratibu bila kuitoa mahali pake. Namba ikitulia chini ya nusu omu, hali ni njema. Ikirukaruka, badilisha nyaya kwanza, na tatizo likibaki, miguso ya swichi ni michafu au imelika. Uchafu husafishika kwa alkoholi ya isopropili, lakini kulika hakuna dawa ya bei nafuu. Kioo chenye namba zenye vipande vilivyopotea kisikutishe mno. Mara nyingi kosa liko kwenye ule mpira mwembamba wenye mistari unaounganisha kioo na bodi, ambao ukisafishwa kwa alkoholi hiyohiyo na kurudishwa vizuri, namba hurudi. Kasoro hiyo ni nzuri kwa mnunuzi, kwa sababu huteremsha bei kuliko inavyostahili.

Jihadhari pia na rangi. Mwili wa kijivu uliozungukwa na njano si ushahidi wa chochote, kwani waigaji ni wengi. Mwaka 2014 forodha ya Marekani ilizuia mzigo wa mita zipatazo 2,000 za kampuni ya SparkFun, ambazo hata hazikuandikwa jina la Fluke, kwa sababu tu mpangilio wa rangi zake ulifanana na alama ya biashara iliyosajiliwa.

Kwa kazi yako wewe, ushauri wangu ni kununua, maadamu fyuzi ni halisi na betri haijavuja. Sehemu ambako waya kutoka nguzoni huingia kwenye mita ya LUKU huhesabiwa kuwa daraja la IV la usalama (CAT IV), lenye hatari kubwa zaidi ya volteji kuruka ghafla, na bodi ya kugawia umeme ndani ya nyumba ni daraja la III. Mita ya 87V imepimwa kwa volti 600 katika daraja la IV na volti 1000 katika daraja la III, ilhali mita nyingi ndogo za njano zina tundu la ampea 10 lisilo na fyuzi yoyote, na zenyewe zimeandikwa hivyo waziwazi usoni. Usitarajie dhamana, kwa kuwa ile dhamana ndefu ya kiwanda ni ya mnunuzi wa kwanza tu.

Nimenunua mita iliyotumika, nayo ina kibandiko cha ukaguzi cha mwaka 2011. Nitajuaje kama bado inasema kweli bila kuipeleka maabara? — Mwanafunzi wa elektroniki, Mombasa

Kibandiko hicho kinathibitisha kwamba mita ilikuwa sawa mwaka 2011, basi. Njia rahisi ni kupata kibao kidogo chenye saketi ya AD584, kinachotoa volti 2.5, 5, 7.5 na 10. Nunua kile kinachokuja na karatasi yenye vipimo vyake halisi, kisha linganisha na namba za karatasi, si na zile namba kamili, maana saketi yenyewe, kutegemea daraja lake, yaweza kukosea milivolti kadhaa hata ikiwa mpya. Kwa omu, rezista chache zenye usahihi wa asilimia 0.1 zinatosha. Usitumie umeme wa ukutani kama kipimo cha kulinganishia, kwani hupanda na kushuka ukiutazama.

Ukishapata tofauti, iweke kwenye mizani ya kazi yako. Mita ndogo za njano kwa kawaida huahidi usahihi wa asilimia 0.5 pamoja na hatua 2 za tarakimu ya mwisho. Kwenye kipimo cha volti 20, ambako hatua moja ni volti 0.01, ukipima betri ya volti 12, kosa linaloruhusiwa ni volti 0.08. Kwa kujua kama umeme upo au haupo, hilo si kitu. Lakini kwa betri ya sola ya asidi iliyopumzika, volti 12.4 ni takriban robo tatu ya chaji na volti 12.2 ni takriban nusu, kwa hiyo kosa hilo limekwisha kumeza karibu nusu ya tofauti unayoitafuta. Mita ya asilimia 0.05 na hatua 1, yenye kuonyesha hadi sehemu ya mia ya volti, ingekosea kwa volti 0.016 tu. Cheti rasmi kitahitajika iwapo utatoa ripoti kwa mteja. Hapo maabara ya KEBS, au ya TBS kwa walio Tanzania, ndiyo mahali pake.

Nilistaafu kazi ya reli nikiwa na AVO Model 8 ya mshale. Bado inafanya kazi. Vijana wananiambia haina thamani tena. — Mstaafu, Tabora

Vijana wana haki nusu, mzee wetu. Model 8 ilianza mwaka 1951 na utengenezaji wake ukaendelea hadi 2008, jambo ambalo vifaa vichache vya umeme vinaweza kujivunia. Ina kitufe kinachoruka na kukata saketi mshale unapozidiwa, na kwa kufuatilia kitu kinachopanda na kushuka polepole, mshale huonekana vizuri kuliko namba zinazobadilikabadilika.

Udhaifu wake ni kwamba hunywa mkondo wa saketi inayopimwa. Ukinzani wake ni omu 20,000 kwa kila volti, yaani kiloomu 200 kwenye kipimo cha volti 10. Chukua rezista mbili za kiloomu 200 zilizofuatana kwenye volti 12: katikati pana volti 6, lakini AVO itaonyesha 4, kwa kuwa yenyewe imekuwa rezista ya tatu. Mita ya kidijiti yenye megaomu 10 ingeonyesha 5.94. Kwa betri, transfoma na mota hilo halisumbui; kwa saketi za kisasa linapotosha kabisa. Kumbuka pia kwamba kwenye omu waya mwekundu huwa hasi, jambo ambalo huwachanganya wanaopima diodi, na kwamba kipimo cha omu kubwa hutaka betri ya volti 15 ambayo kuipata ni kazi. Kama mnunuzi ni mkusanyaji wa vifaa vya kale, usikubali bei ya chuma chakavu.

Nimeuziwa HP 3478A ya mezani kutoka Marekani. Nianze na nini? — Fundi wa vifaa vya ofisi, Arusha

Usiichomeke. Kwanza hakikisha imewekwa kwenye volti 220 au 240, kwa kuwa iliyotoka Marekani huenda imeachwa kwenye 120. Pili, usiiguse betri ya lithiamu ya volti 3 iliyomo ndani kabla ya kujua kazi yake: ndiyo inayohifadhi namba zote za usahihi zilizowekwa wakati mita ilipokaguliwa. Ukiing'oa mita ikiwa imezimwa, namba hizo hufutika, na kuzirudisha hugharimu ukaguzi mzima wa maabara. Nakili namba hizo kwanza kwa kompyuta kupitia soketi ya GPIB iliyo nyuma, ile ya kuunganishia vifaa vya vipimo na kompyuta, kisha badilisha betri huku chanzo kingine cha volti 3 kikiwa kimeunganishwa sambamba nayo. Iwapo muuzaji amekwambia kwa fahari kwamba amekuwekea betri mpya, muulize aliiwekaje kabla hujamlipa kilichobaki.